Koplo Silvanus Tluway, Aliyefia Kifungoni Akarudi Mbulumbulu

Baba Padri, wazee wetu wa Mbulumbulu, wageni wetu mliotoka Malambo na Ololosokwan, askari mliosimama pembeni ya jeneza hili, na ninyi nyote mliokaa juani tangu asubuhi, familia inawaomba utulivu kidogo, kwa sababu historia hii imechelewa miaka arobaini na sita kusomwa, na kitu kilichochelewa hivyo hakisomwi haraka. Inasomwa kwa niaba ya familia, na imeandikwa kama mjane wa marehemu, Mama Bernadina, alivyoikumbuka na kuielekeza, maana yeye ndiye aliyeibeba kuliko mtu mwingine yeyote.

Marehemu Silvanus Tluway Margwe alizaliwa tarehe 17 Mei 1954, hapa hapa Mbulumbulu, wakati Karatu yote ilipokuwa bado chini ya wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Tluway Margwe na Mama Selestina Amsi, ambao wote wamekwisha tangulia mbele za Bwana. Alibatizwa tarehe 13 Juni mwaka huo huo. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake kandokando ya msitu, na wanaomkumbuka wanasema tembo walipotoka msituni kuja kula mahindi, wenzake walikimbilia nyumbani na yeye akabaki anapiga debe, mpaka mama yake akamkataza, akimwambia kwamba debe ni la maji na yeye ni mmoja.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, alipomaliza darasa la saba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na yeye hakuchaguliwa, kwa hiyo alibaki nyumbani akilima ngano na maharage, na kulima kwa maksai, kazi aliyoipenda na kuijua sana.

Mwezi Januari 1974 alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa huko Oljoro, Arusha, na tarehe 1 Septemba 1975 aliajiriwa katika Jeshi la Wananchi, ambako alitumikia kwa uaminifu na kupandishwa cheo kuwa koplo mwaka 1977. Ni huko Oljoro alikokutana na kijana wa Kimasai kutoka Malambo, jina lake Ngoitiko, na tunamtaja mapema kwa sababu bila yeye leo tusingekuwa hapa, na kwa sababu yuko hapa, ameketi pale mbele karibu na wazee. Enzi hizo Mwiraqw na Mmasai kulala chumba kimoja lilikuwa jambo la kuchekwa, maana nyumbani kwao watu wao walikuwa wakiviziana juu ya mifugo, na vijana hawa wawili waliligeuza kuwa masihara yao ya kila siku. Silvanus alikuwa akimwambia mwenzake, "Likizo nikikupeleka kwetu, baba atahesabu ng'ombe kabla hujakaa na baada ya kuaga," naye Ngoitiko akimjibu, "Ahesabu tu, wote ni wetu, amewekewa awatunze." Tunaomba mlikumbuke neno hilo, kwa sababu mbele tutalikuta tena, na hapo halitachekesha.

Jumamosi tarehe 24 Juni 1978, marehemu alifunga ndoa takatifu na Bernadina, hapa parokiani kwetu, akiwa kwenye likizo, na Ngoitiko hakuweza kuja kwa sababu hakupewa ruhusa. Bwana na bibi harusi walikaa pamoja wiki chache tu. Alipoondoka katikati ya Agosti kurudi kikosini alijua kwamba mke wake ni mjamzito, na usiku wa kuagana walikubaliana kuwa mtoto akiwa wa kiume ataitwa Isaya, na akiwa wa kike ataitwa Laurencia, jina la bibi yake Silvanus aliyemlea. Bernadina alimsindikiza mpaka barabara kubwa, na kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ni mwisho, hawakusema neno la maana, walizungumza juu ya ukuta wa zizi ulioanguka na nani ataujenga.

Hapa, ndugu waombolezaji, njia inagawanyika kuwa mbili, kuna njia aliyopita yeye na kuna njia tuliyopita sisi, na itabidi tuisome kwanza yake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, adui alipoingia Kagera, Koplo Silvanus alikuwa na wenzake wachache, Ngoitiko akiwa mmoja wao, wakilinda kivuko kimoja karibu na mpaka. Walipigana mpaka risasi zikawaishia, na katika mapigano hayo kipande cha bomu kilimwingia marehemu kwenye paja la kushoto, akawa hawezi kutembea, na wenzake waliokuwa wazima wakaamriwa warudi nyuma. Ngoitiko hakurudi. Alikaa na rafiki yake kwenye mtaro mpaka wakakamatwa wote wawili. Tunalisema hili polepole ili kila mwenye masikio asikie, kwamba Silvanus Tluway hakutoroka, alichukuliwa akiwa amelala chini na jeraha, na bunduki yake ilikuwa tupu.

Walipelekwa ndani kabisa ya nchi ya watu, kwenye kambi iliyokuwa na mateka wengine, na huko ndiko ugonjwa wake ulikoanzia, maana jeraha halikuoshwa wala kupata dawa, likaoza, na baada ya Noeli akaanza kuhara damu. Ngoitiko alikuwa akimbeba mgongoni kwenda nje na kurudi. Walinzi walicheka wakimwita punda wa koplo, naye Silvanus alimnong'oneza mwenzake kwamba hilo si baya, kwa kuwa kwao Mbulumbulu punda mwenye nguvu ana thamani kuliko mlinzi. Miongoni mwao alikuwepo mateka mmoja aliyewahi kuwa katekista, ambaye alishika hesabu ya Jumapili kichwani, na ilipofika Jumatano ya Majivu aliokota majivu kwenye mafiga ya jikoni, akawapaka wote kwenye paji la uso, Wakristo na wasio Wakristo. Silvanus alipopakwa alisema, "Nyumbani sasa wanapalilia," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yanayokumbukwa. Alifariki kesho yake asubuhi. Baba Padri alitutafutia kalenda ya mwaka ule, na ndivyo tulivyoijua siku, Alhamisi tarehe 1 Machi 1979, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Wenzake waliruhusiwa kumzika karibu na njia ya kisimani, pamoja na mateka wengine waliokuwa wamekwisha kufa, kijana mmoja wa Tabora, mwingine wa Songea, na wengine ambao familia zao mpaka leo huenda bado zinaambiwa zisubiri. Hapakuwa na sanda, wala padri, wala msalaba. Ngoitiko alimwekea mkononi majani mabichi, kama kwao wanavyomfanyia mtu wa heshima, na kila walipotumwa maji akawa anaokota jiwe na kuliweka juu ya kaburi lile, kwa sababu kwao kaburi la mtu mkubwa halipitwi mikono mitupu, na mateka wengine nao wakaiga. Mlinzi mmoja aliuliza kama wanamjengea nyumba. Hawakumjibu, wakaendelea kujenga.

Sasa njia yetu. Tarehe 2 Aprili 1979, mwezi mmoja tu baada ya kifo ambacho hatukukijua, Bernadina alijifungua mtoto wa kike, akamwita Laurencia kama walivyokubaliana. Vita viliisha, askari wakaanza kurudi, lori moja baada ya jingine likashusha watu Karatu, na Mama Selestina alikuwa akitembea kwa miguu kutoka hapa kwenda kuyatazama malori. Familia iliuliza wakubwa, ikajibiwa kwamba Koplo Silvanus hajulikani alipo. Waliuliza tena wakaambiwa wasubiri. Maneno hayo mawili, hajulikani alipo, ndiyo yaliyokuja kukaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga.

Tunafika sasa mahali ambapo Mama Bernadina alituomba tusipunguze neno lolote.

Mwezi Januari 1980, wakati wa palizi, asubuhi, alitokea kwenye njia ya kati ya mashamba Mmasai mmoja mrefu, aliyekonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana, amevaa koti kuukuu la jeshi juu ya lubega, na mkononi ameshika majani mabichi. Alikuwa Ngoitiko. Alikuwa ameokolewa kifungoni, amelazwa hospitali miezi mingi, na mara tu miguu ilipomrudia alitembea kutoka Malambo mpaka hapa kuleta habari za rafiki yake. Lakini juma lililotangulia wezi walikuwa wameswaga ng'ombe wa jirani zetu, watu walikuwa wamelala nje na silaha, na hasira ilikuwa bado ya moto.

Ngoitiko alisimama kwenye mlango wa boma asiingie, akasalimia kama alivyofundishwa kwao, kwamba mtu huanza na mifugo na watoto, ndipo yafuate mengine, hasa mtu aliyebeba habari nzito, maana kifo hakitupwi kwa watu waliosimama. Akamwuliza Mzee Tluway, "Ng'ombe hawajambo?"

Mzee Tluway akamwuliza, "Wewe ng'ombe wangu unawajulia wapi?"

"Wewe si ndiye Tluway?"

"Na jina langu umepewa na nani?"

"Na rafiki yangu," akasema Ngoitiko, kisha akauliza, "Mtoto amezaliwa?"

Hapo watu walikuwa wamekwisha jaa, na mmoja wao akasema kwa Kiiraqw kwamba huyu ameanza na ng'ombe, sasa anahesabu na watoto, bado atauliza mlango unafungwa saa ngapi. Mzee Tluway akamwambia mgeni, "Huyo rafiki yako ana jina? Litaje." Ngoitiko akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu kwao jina la aliyekufa halitamkwi, na kulitamka pale mlangoni, mbele ya baba mzazi, kabla hawajaketi, kungekuwa ni kumtukana rafiki yake na baba yake kwa pamoja. Akainua yale majani juu, ambayo kwao maana yake ni kuomba amani. Kwetu hapa siku ile hakuna aliyeelewa maana yake. Tulichokiona sisi ni Mmasai anayejua jina la mwenye boma, anayeulizia ng'ombe, na asiyeweza kumtaja mtu hata mmoja anayemfahamu.

Yowe likapigwa. Walimfukuza kwa fimbo na filimbi mpaka kwenye ukingo wa msitu, na majani yake yakabaki chini mlangoni, Mzee Tluway akayakanyaga akirudi ndani. Bernadina alikuwa shambani na jembe, mtoto mgongoni. Aliinua kichwa, akaliona lile koti, akaona ni koti la jeshi, na moyo ukamwambia jambo, lakini mwanamke aliyeolewa hivi karibuni hawezi kusimama mbele ya baba mkwe wake na wanaume wenye silaha akasema subirini. Akainama akaendelea kupalilia. Amesema iandikwe hivyo, na tumeandika.

Ngoitiko aliwaeleza wakubwa wake wa jeshini mahali kaburi lilipo, nao wakaandika, na kilichoandikwa hakikufika Mbulumbulu. Yeye mwenyewe hakurudi tena. Mtu aliyefukuzwa akiwa na msiba wa wenyewe mdomoni hana mahali pa kuanzia mara ya pili.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa mirefu. Ndugu zetu, kifo peke yake tungekivumilia, Mkristo anajua kufiwa, lakini sisi hatukupewa hata nafasi ya kufiwa. Kwenye mashine ya kusaga, Mama Selestina aliitwa mkwe wa Waganda. Aliulizwa kama mwanawe amekwisha zoea matoke, na kama wajukuu weusi wa huko wanajua Kiiraqw, na watu wakacheka huku wakishika magunia yao. Kilabuni ilisemwa wazi kwamba Silvanus ni mtoro wa jeshi aliyeogopa kurudi, na Laurencia alipoanza shule aliambiwa na watoto wenzake, ambao hawakulitunga neno hilo wenyewe, kwamba baba yake ni sungura. Waliosema hayo tunawajua. Wengine wamekwisha fariki, na tuliwazika, tukabeba majeneza yao na kupika kwenye misiba yao. Wengine wako hapa leo, wamekula chakula cha msiba huu tangu juzi, na familia haitawataja, kwa sababu wanajijua.

Wazee wa ukoo walipotaka Bernadina arithiwe na shemeji yake, aliwajibu kwamba mume wake ni mzima mpaka wamwonyeshe alipolala. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Alilima peke yake, akasomesha mtoto peke yake, na kila tarehe 2 Novemba, waumini wanapopeleka kanisani majina ya marehemu wao ili waombewe, yeye alipeleka jina la baba yake mzazi, baadaye la Mzee Tluway, aliyefariki tarehe 3 Novemba 1991 akiamini mpaka mwisho kwamba siku ile aliokoa ng'ombe wake, na baadaye la Mama Selestina, aliyefariki tarehe 14 Agosti 1998. La Silvanus hakulipeleka. Alisema hawezi kumwombea mtu kama marehemu wakati hajakutana na yeyote aliyemwona akifa. Kila Siku ya Mashujaa ilipotangazwa redioni, alikaa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaizima na kutoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, na watoto wa nyumba walijua kwamba siku hiyo hasemeshwi. Mama Selestina alipokuwa anakufa aliomba jambo moja, kwamba upande wa kulia wa kaburi lake pasizikwe mtu. Pameachwa wazi miaka ishirini na saba, pameoteshwa nyasi, na leo mmeona pamechimbwa.

Mlango ulifunguka mwaka 2021, kwa njia ambayo sisi tunaiita ya Mungu. Laurencia alikuwa mpishi kwenye kambi moja ya watalii huko Ngorongoro, na kati ya wenzake wa jikoni alikuwepo binti wa Kimasai aitwaye Nareyu. Nareyu alikwenda nyumbani Malambo likizo, akawa anamsimulia baba yake habari za kazi, akamtaja Laurencia wa Mbulumbulu anayempa zamu za asubuhi ili awahi kulala. Baba yake akaweka kikombe chini. Akauliza, "Laurencia wa nani?" Nareyu akasema hajui, ila baba yake alipotelea vitani kabla hajazaliwa. Mzee akasema, "Hakupotea. Mimi najua alipo." Jina la mtoto lilikuwa la mtu aliye hai, ndiyo maana Silvanus alipolitaja kifungoni Ngoitiko alilihifadhi, na hilo aliweza kulitamka.

Tarehe 12 Februari 2022, Bernadina na binti yake walikwenda Malambo. Ngoitiko alipomwona Laurencia alimshika mikono, akamwambia, "Wewe ndiye yule wa tumboni. Baba yako alikutaja kuliko chakula." Kisha akamgeukia Bernadina. "Mama, ninyi mlinifukuza."

Bernadina akamjibu, "Baba, tulikufukuza."

"Nilisalimia kama watu."

"Ulisalimia. Mimi nilikuona."

Mzee akacheka kidogo, akamwonyesha ufizi mtupu. "Habari yenu imekaa mdomoni mwangu siku zote hizo, angalia ilivyonimaliza meno." Bernadina naye alicheka, na akiwa bado anacheka akaanza kulia, na mzee akamwacha alie mpaka atosheke, ndipo akamketisha chini, akamweleza yote mliyoyasikia, ya kivuko, ya mtaro, ya majivu na ya mawe. Hakulitaja jina hata mara moja. Alimwita rafiki yangu. Mwezi Novemba mwaka huo Bernadina alipeleka kanisani jina la Silvanus kwa mara ya kwanza, na alipotoka mlangoni ilibidi ashikwe mkono.

Mwaka 2024, kwa kibali cha nchi zote mbili, Mzee Ngoitiko alikwenda na wataalamu wetu na maofisa wa jeshi mpaka kwenye kambi ile, ambayo sasa ni malisho. Kisima kilikuwa kimefukiwa, majengo yamebomolewa, na makaburi mengine yamesawazishwa na mvua, hayatofautiki na ardhi. Rundo moja tu la mawe lilikuwa bado limesimama. Mifupa ya wenzake ilipatikana ikiwa imechanganyika, nayo imezikwa kwa heshima pamoja kwenye makaburi ya mashujaa, bila majina, na tunaiombea. Ya Silvanus ilikuwa chini ya mawe yake, na vipimo vilivyolinganishwa na damu ya Laurencia vilithibitisha. Kwenye mfupa wa paja la kushoto kilikuwemo kile kipande cha chuma. Wataalamu walikitoa, wakamwuliza Bernadina kama anakitaka, akasema hapana, kirudi kwa mwenyewe aliyekirusha.

Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja, wajukuu wanne na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru wataalamu waliochimba kwa mikono na brashi bila haraka, jeshi letu lililomleta marehemu mpaka mlangoni na kumpigia risasi za heshima leo, ingawa tulitamani mama yake azisikie, madaktari waliomhudumia Mama Bernadina shinikizo la damu lilipompanda juzi, Baba Padri na kwaya, wafanyakazi wenzake Laurencia waliotoka Ngorongoro, na Nareyu, ambaye kuanzia leo ni binti wa nyumba hii. Tunawashukuru majirani kwa kuni, maji na turubai. Baba Padri ametuomba tuwasamehe waliotusema, na familia imelisikia ombi hilo. Mama Bernadina alimjibu kwamba anasali Baba Yetu asubuhi na jioni, na akifika pale pa kuwasamehe waliotukosea hupunguza sauti, lakini hajawahi kuparuka. Kwa leo, hilo ndilo tulilo nalo.

Limebaki jambo moja. Jana alasiri, Siku ya Mashujaa, jeneza likiwa limekwisha ingizwa ndani, Mzee Ngoitiko aliwasili na watu wake kwa njia ile ile ya kati ya mashamba. Vijana walimkimbilia wamkaribishe, akakataa kuingia. Alisimama mlangoni, ameshika majani mabichi, akangoja. Watu hawakujua la kufanya. Ndipo Mama Bernadina alipoinuka mkekani, ingawa mjane hainuki mkekani kupokea wageni, akatoka akiwa peku, akaenda kusimama pale pale aliposimama baba mkwe wake.

Mzee akamwuliza, "Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo," akajibu Bernadina. "Wamelishwa, wamenyweshwa."

"Mtoto amezaliwa?"

"Amezaliwa. Ni msichana. Ni Laurencia."

"Basi nina habari za kwenu."

"Ingia ukae, baba," akasema Bernadina. "Tuko wote, tunakusikiliza."

Akaingia, akaketi, akazitoa habari zote tangu mwanzo, kama mtu aliyefika na kukaribishwa mwaka ule wa 1980, na nyumba nzima ikalia kama nyumba iliyofiwa jana. Tukitoka hapa kwenda kaburini, yeye ndiye atakayeweka jiwe la kwanza, na kila mtu anaombwa aweke lake, hata wale tusiowataja.

Koplo Silvanus Tluway Margwe, mume wa Bernadina, baba wa Laurencia, hukupotea na hukukimbia. Mama yako alikutunzia nafasi. Ingia ndani, ulale kwa amani.